Woga Bila Kitu

Woga ulimjia Mariette saa nne asubuhi, soko la Base Camp, kambini kwa wakimbizi, limejaa watu, mbele ya beseni lake la ndagala, dagaa wakavu. Kwanza tumbo lilipanda kana kwamba linataka kutokea mdomoni. Kisha ikaja harufu ya mpira unaoungua, ambayo hakuna mwingine aliyeisikia. Kisha woga mtupu, kama ule wa siku walipokimbia vita kwao Fizi. Baada ya dakika mbili ukaisha, ukamwacha ameloa jasho.

Ilikuwa mara ya sita mwezi ule, na kila mara aliyekuwa karibu naye ni Angeline, Mrundi aliyeuza maharage meza ya pili. Mariette akajumlisha, akapata mchawi.

Mara ya saba alikuwa palepale sokoni, anakata mboga ya lengalenga. Angeline aliinama kuokota kifuniko, woga ukapanda, na Mariette akamwelekezea kisu.

"Usinifikie! Najua mambo yako!"

"Mama Divine, ni mimi," Angeline alisema, mgongo umegota ukuta wa soko. "Weka kisu chini."

Macho yalikuwa yamemtoka Mariette, midomo inatafuna hewa. Kisu kikaanguka. Akauliza yuko fasi gani, kama aliyeamka usingizini.

Ni kule kutafuna kulikomshtua Angeline. Mdogo wake alitafuna hivyo kabla ya kuanguka kifafa. Akamweleza muuguzi wa zahanati, naye akaandika barua ya kwenda hospitali kubwa ya Mbarara. Mariette hakubisha. Nyumbani alikuwa na Divine, mtoto wake wa miaka mitatu, na sasa alijiogopa mwenyewe.

Hospitalini walimbandika nyaya kichwani. Daktari Gisa aliangalia mistari iliyochorwa na mashine, akamgusa juu ya sikio.

"Si mashetani, mama. Ubongo iko na seli mingi, zinaongea kwa umeme kidogo na kemikali ya mwili yenyewe. Zako hapa, kwa mahali ya woga, zinapiga kelele zote pamoja. Ni kifafa. Haikuangushi, inakuletea woga."

"Woga bila kitu?"

"Bila kitu."

Hilo lilimtisha kuliko uchawi. Mchawi unaweza kumhama.

"Na ningemuchoma Angeline?"

Daktari alivuta karatasi ya dawa. "Kunywa dawa kila siku. Usiache."

Vidonge vilimlegeza, vikamtia usingizi, lakini kufikia wiki ya tano woga ulikuwa umemrudia mara moja tu, tena kwa sekunde chache. Akarudi sokoni. Angeline alikuwa amehamishia maharage yake meza ya mwisho kabisa. Mariette akamfuata kumsalimu na kumwomba msamaha. Angeline aliitikia, akamsogezea kiti. Ila kabla ya kumtazama usoni, alimtazama kwanza mikono.