Mara ya Tatu

"Ichukue tu, Bwana Orazmurad! Haina thamani mbele yako," alisema Mkurugenzi Forutan, mkono kifuani. Na mgeni, aliyekuwa akiisifu samawari, lile birika kubwa la kuchemshia chai, akaichukua.

Lo! Chumba kizima kikageuka kumtazama. Kwetu Sarakhs ukisifu kitu cha mtu, atakwambia ni chako. Utakataa, atasisitiza, utakataa tena, na kila mmoja atarudi kwake na mali yake. Hata mtoto analijua hilo. Lakini Orazmurad alitoka ng'ambo ya mpaka, kwa Waturukimeni, kuzungumzia soko letu la mpakani lililofungwa miaka miwili. Kwao ukipewa, umepewa. Akaikumbatia samawari ya shaba, uso umejaa furaha.

Samawari yenyewe haikuwa hata ya ofisi. Ilikuwa ya Safdar, mpika chai, aliyeachiwa na marehemu mkewe, Mahlagha. Ya ofisi ilivuja, naye akaleta yake ili wageni wasipate chai mbaya.

"Mzee Safdar, nisitiri," Forutan alimnong'oneza. "Nikiidai, soko ndiyo basi tena."

"Umevua nguo wewe, unataka ujifunike yangu?"

Hata hivyo Safdar aliibeba mwenyewe hadi garini. Iliuma, tena sana. Lakini njiani akawa anajiuliza: hawa ni watu gani, wanaoamini kila wanachoambiwa? Na hawaibiwi?

Garini, Orazmurad akaona mkono wa mzee hauachii mpini.

"Baba, hii ni yako?"

Safdar alikijua Kiturukimeni chao tangu enzi za soko. "Ilikuwa ya marehemu mke wangu."

"Astaghfirullah! Ichukue, baba."

Moyo ukamruka. Lakini mdomo ulilelewa kwetu. "Haiwezekani, bwana. Zawadi imeshatoka."

"Nakuomba, ichukue."

"Hapana, hapana. Iende salama nawe." Akauachia mpini, akavuta pumzi, tayari kwa mara ya tatu, maana kwetu anayetoa kwa dhati hurudia mara ya tatu, na hiyo ndiyo tunayoikubali. Hata mikono ilishaanza kunyooka.

Orazmurad alimtazama, machozi yakamlengalenga. "Mtu mzima akisema hapana mara mbili, kwetu ni utovu wa adabu kumwomba tena," alisema, akambusu begani. "Soko tutalifungua Alhamisi. Nitawaambia wenzangu nimewaona watu wenye utu."

Gari likaondoka.

Forutan alishuka ngazi taratibu. "Mzee, nisamehe."

"Mara mbili tu?" Safdar alimuuliza, bila hata kumtazama. "Kwao humwomba mtu mara mbili tu?"

Gari lilipita kizuizi, likapiga kona, na Safdar alikuwa bado amenyoosha mikono.