Bariere ya Himalaya

Mimi na mdogo wangu Husna, watoto wa mji wa Baraka tunaosoma India, tulipanda gari hadi njia ya mpakani juu ya Himalaya. Husna alipoona bariere, kizuizi cha barabarani, na wanajeshi, alifanya kama tunavyofanya kwetu barabara ya Fizi, ambako wenye bunduki hudai vitu vya wasafiri: alishuka, akatembea haraka na kadi ya utambulisho mkononi.

"Husna, pole pole! Huku pumzi iko kidogo!"

"Yaya, nyamaza! Batatupiga masasi!" alinijibu mimi mkubwa wake, akiogopa risasi.

Akaanguka kwenye theluji, midomo imegeuka buluu. Mwanajeshi akatukimbilia na bunduki. Niliinua mikono. Yeye akapiga magoti, akamvalisha kinyago cha oksijeni.

Husna alipofumbua macho, alimnyooshea mwanajeshi simu yake ili atuachie uhai. Mwanajeshi akacheka, akatupiga picha kwa simu hiyo, akairudisha.

Pichani mikono yangu bado iko juu.