Tufani Ashika Sindano

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, kuanzia utosini hadi ukuchani. Kama nimechomeka humu hata neno moja la uongo, basi meno yangu yaliyobaki, ambayo si mengi lakini nayapenda, yadondoke yote ndani ya kikombe cha chai mbele ya wageni. Maisha yangu yote ya kazi nilisoma mita za maji, na mita haimfundishi mtu kudanganya. Ipo mita moja iliyowahi kuanza kurudi nyuma kwa woga iliponiona naingia getini, lakini hiyo ni habari nyingine na mashahidi wake wamehama.

Habari hii ni ya shemeji yangu, mume wa dada yangu, fundi cherehani. Na ni ya Tufani.

Tufani ni yule shujaa wa filamu mwenye joho la kijivu, anayevuta pumzi kisha akapuliza magari ya majambazi kama mtu anayepuliza vumbi juu ya kabati. Filamu zake ni nyingi, ila waigizaji wake ni watatu, maana mtu huzeeka na joho halizeeki.

Wa kwanza tulimwita Mabega. Alikuwa mpana kiasi kwamba ukumbi wa sinema wa hapa kwetu ulilazimika kuvunja ukuta ili aenee kwenye pazia. Wa pili ni Kidevu. Huyo kidevu chake kiliingia chumbani kwanza, kikasalimia, kikapewa kiti, ndipo mwenyewe akafuata. Wa tatu ni kijana wa juzi juzi, mwembamba, anayeongea kama anayeomba radhi kwa kuwamo kwenye filamu. Huyo tulimpa jina la Unyoya.

Shemeji alikuwa mtu wa Mabega, kwa sababu za kifundi. "Vazi likikaa pale, limekaa," alikuwa akisema. "Wengine wanavaa joho. Mabega anavikwa." Kinyozi, ambaye wanagawana naye kibaraza, alikuwa mtu wa Kidevu, naye kwa sababu za kikazi. Mimi nilimuunga mkono yeyote ambaye hakuwa na mtu siku hiyo, ili mjadala usilale. Walibishana hivyo miaka na miaka, mmoja ana mkasi na mwingine ana wembe, na hakuna aliyewahi kumwaga damu.

Halafu shemeji akaingiwa na mtoto wa jicho. Si mmoja, pacha. Siku aliyomshonea mteja suruali yenye mifuko kwa nje, alifunika cherehani kwa kitambaa, akakaa sebuleni akiitazama televisheni ambayo kwake ilikuwa ukungu unaozungumza.

"Shem," akaniambia, "wewe Mungu kakupa mdomo. Niazime na macho."

Basi nikawa naenda kila Jumamosi mchana, tunaweka filamu ya Tufani, namsimulia kinachopita. Mwanzoni nilisimulia kwa uaminifu. Lakini uaminifu, jamani, hauna chumvi. Mabega anakimbia. Bado anakimbia. Amefika kwenye ukuta. Anautazama ukuta. Nilimuona shemeji anapiga miayo, nikaona haya kwa niaba ya Mabega. Siku ya filamu ya Kidevu nikaongeza punje moja tu.

"Anashuka ngazi kwa maringo," nikasema. "Loo! Amekanyaga joho lake mwenyewe!"

"Pindo refu!" shemeji akaruka. "Nilisema mimi! Lile pindo ni refu tangu siku ya kwanza! Ameanguka?"

"Ameanguka. Kidevu kimefika chini kabla yake."

Alicheka mpaka akakohoa. Dada akachungulia kutoka jikoni. "Kaka, mbona mimi sikuona aliyeanguka?"

"Ulikuwa na sufuria, dada. Sufuria na sinema havitazamwi pamoja."

Tangu siku hiyo Kidevu akawa anaanguka kila Jumamosi. Nilimwangusha ngazini, nikamwangusha kwenye paa, nikamnasisha joho kwenye mlango wa benki wakati majambazi wanamsubiri kwa heshima. Shemeji akawa ananingojea mlangoni, ameshavaa shati safi.

Ndipo daktari wa macho alipomuita afanyiwe upasuaji, naye akakataa.

"Kisu cha nini?" akasema, tumekaa kibarazani na kinyozi anasikia. "Nilipokuwa na macho yangu, Kidevu hakuanguka hata mara moja. Sasa hivi haipiti wiki bila yeye kuanguka. Nina shemeji, sina shida."

Kinyozi akasonya. "Kidevu hajaanguka popote."

"Wewe unamtazama kwa mapenzi. Mapenzi ni upofu."

Wakacheka. Nami nikacheka, ila nilichelewa kuanza na nikawahi kumaliza.

Dada alinivuta uani, mahali anapoanika nguo. Alikuwa anakamua shuka, na akalikamua kama lina makosa.

"Daktari amesema mtoto wa jicho akiachwa akaiva kupita kiasi, presha inapanda ndani na jicho linakufa. Likifa limekufa, hata huyo daktari hana la kufanya. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Nimembembeleza, nimelia, nimemnunia. Hataki. Unajua kwa nini hataki?"

Nilitazama ndala zangu.

"Wewe umelitia sukari giza lake, kaka. Mwenzako anapofuka huku anachekeshwa."

Nilirudi nyumbani nikijiona mdogo kama punje ya ulezi. Dawa nilikuwa naijua, fupi na chungu: kumwambia shemeji kwamba Kidevu hakuanguka, na kwamba alichokuwa anakiona kilitoka mdomoni mwangu tu. Nilijizoeza kuyasema hayo mbele ya kioo. Kioo kiliniamini. Lakini Jumamosi ilipofika na nikamkuta mlangoni na lile shati lake, ulimi ukageuka upande wa pili wenyewe, kama punda anayeijua njia.

Siku hiyo kulikuwa na filamu mpya, ya kwanza ya Unyoya. Nilianza kwa kweli, naapa.

"Mabega je?" shemeji akauliza.

"Hana. Ana shingo, halafu mikono inaanza."

"Joho linamkaaje?"

"Kama shuka kwenye kamba siku isiyo na upepo."

"Basi Tufani amekwisha," akasema kwa huzuni, akajiegemeza. Ndipo nikafanya nilichofanya.

"Subiri, shem. Subiri. Ameingia kwa mama yake. Anavua joho, limechanika begani. Anakaa mezani. Anachukua sindano."

Kwenye televisheni, wakati huo, Unyoya alikuwa ananing'inia kwenye mguu wa helikopta, na bahati yangu muziki ulikuwa umefunika kila sauti.

Shemeji alikaa wima. "Anashona mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Mama yake yupo?"

"Yupo, lakini hamruhusu amsaidie. Anashona huku analia."

"Amevaa kikofia cha kidole?"

"Taa ya mezani inanizuia."

"Anapiga mshono gani? Wa kupinda au wa kurudi nyuma?"

"Shem," nikasema, "hapo umenifikisha mwisho. Mimi ni mtu wa mita. Mabega nilikusimulia, Kidevu nilikusimulia, huyu siwezi. Ule mkono lazima uuone kwa macho yako."

Hakuuliza tena. Lakini jioni hiyo alimwambia kinyozi, "Wale wetu walivaa tu, ndugu yangu. Huyu anashona." Mtu aliyemtetea Mabega tangu nywele zake zikiwa nyeusi alimuacha kwa neno langu moja. Na kesho yake akamwambia dada, "Niandikishe kwa daktari. Kuna mkono nataka kuuona."

Dada alikuja mpaka kwangu mbio, akanikumbatia, akaniita kaka wa dhahabu. Nilimwambia si kitu. Sikuwahi kusema neno la kweli zaidi ya hilo.

Siku ya upasuaji tulikaa kwenye benchi la korido, yeye amevalishwa gauni la kijani la kufungia mgongoni. Aliipapasa mishono yake kwa vidole, akaguna. "Aliyeshona hili alikuwa anawahi mahali." Kisha akaniegemea. "Naogopa, shem. Jicho si pindo, huwezi kulifumua ukarudia. Lakini nikimfikiria yule kijana na sindano yake, naona na mimi nijikaze."

Jasho lilinitoka mpaka kwenye magoti. Niliwaza: kisu kikiteleza, mtu huyu atakuwa amelipa jicho lake kwa ajili ya sindano isiyokuwepo.

"Shem, kuna kitu nataka kukwambia kabla hujaingia."

"Niambie."

Muuguzi akatokea mlangoni. "Mzee wangu, zamu yako."

"Utaniambia nikitoka," shemeji akasema, akanishika bega, akaenda akipapasa ukuta. Nilibaki na neno langu mdomoni, limeshaanza kuchacha.

Kisu hakikuteleza. Walipombandua bandeji alimtazama dada muda mrefu. "Umezeeka, mke wangu, na hakuna aliyeniambia."

"Ngoja ufike kwenye kioo," dada akamjibu, huku machozi yanamtiririka.

Jicho lilikuwa moja tu, la pili lingefuata, lakini hilo moja liliona. Aliona kovu la kinyozi. Aliona vumbi la juu ya kabati, dada akajuta. Na alichotaka baada ya hapo ni filamu. Nilisema flashi yenye filamu imeharibika. Dada akaleta nyingine. Nilisema rimoti imekufa betri. Kinyozi akatoa betri kwenye saa yake ya ukutani. Watu wema hukutesa sana ukiwa na hatia.

Tukakaa. Helikopta ikapita. Mapaa yakapita. Shemeji alikuwa amesogeza kiti mbele, shingo ndefu, kama mtu anayesubiri jina lake liitwe. Unyoya akampuliza adui wa mwisho, muziki ukapanda, majina yakaanza kupita.

"Rudisha," akasema.

Dada akarudisha. Tukatazama tena, na majina yakapita tena.

"Mlikiona kile kipande cha mama?"

"Mimi sikukiona," dada akasema.

Shemeji akafunika jicho jipya kwa kiganja, akafunua, akafunika. Halafu akasema kwa sauti ya chini, ya mtu anayeficha aibu yake, "Mke wangu, kesho turudi kwa daktari. Jicho hili linaruka vipande. Limekula mahali muhimu."

Dada alishika kifua. "Mungu wangu. Na mahali pengine pia linaruka?"

"Sijui. Kama limeruka, nitajuaje?" Akasukuma kiti nyuma. "Labda lile la pili tuliache. Heri ukungu ninaoujua."

Kinyozi naye akainamisha kichwa. Dada akageuka kutafuta wa kumsaidia, macho yake yakanikuta.

"Kaka, mbona unatazama dari?"

Dari lile lina doa la mvua lenye umbo la buli la chai. Ningeweza kulichora hadi leo.

"Jicho ni zima, shem," nikasema. "Kipande hakipo."

"Hakipo wapi?"

"Hakipo popote. Hakuna mama. Hakuna meza. Niliitengeneza ile sindano hapo kwenye kochi, wakati kijana wa watu ananing'inia kwenye helikopta."

Shemeji alinitazama kwa lile jicho jipya, na naapa, hakuna mita iliyowahi kunisoma namna ile.

"Na Kidevu?" akauliza.

"Kidevu nini?"

"Hakuanguka?"

"Hakuanguka."

"Hata ile ya ngazini? Ya pindo?"

"Hata ile ya ngazini."

"Nilisema mimi!" kinyozi akapaza sauti. Dada akamtazama, kinyozi akanywea.

Ile ya ngazini ilimuuma shemeji kuliko kisu. Niliona uso wake ukishuka. "Nilikwenda kulala chini ya kisu," akasema polepole, "kwa ajili ya mkono wa mtu ambaye hayupo. Ningekufa mle, ungewaambia nini watoto wangu?"

"Lakini si unaona, shem?" nikasema. Nilikuwa natafuta pa kujificha.

"Nakuona. Ndiyo shida."

Aliinuka. Nilidhani ananifungulia mlango nitoke, na ningetoka, na sijui ningerudi lini. Lakini alikwenda kwenye cherehani, akaondoa kile kitambaa, akakung'uta vumbi. Akavuta pazia kuukuu la kijivu kutoka kwenye rundo la viraka, akalishika kwa mikono miwili, akalichana panapokaa bega. Kraaa! Akanitupia.

"Vaa."

"Shem..."

"Uliniahidi Tufani anayeshona. Nimelipia kwa jicho. Nataka kumuona."

Nikavaa. Dada, dada yangu wa damu, ndiye aliyenifunga fundo shingoni, na hakulilegeza. Wakanikalisha mezani. Shemeji akaniwekea sindano na uzi mbele yangu, kisha akakaa, miguu mbele, kama mtu aliyekata tiketi.

Nililamba uzi nikajaribu tundu. Nikajaribu tena. Tundu lilikuwa linahama, nalo lina roho mbaya. Shemeji alinitazama weee, mwisho akanyoosha mkono, akachukua sindano na uzi, akaviinua kwenye mwanga wa dirisha. Ukapita mara moja. Hata kinyozi hakutania. Shemeji aliitazama ile sindano kidogo, akanirudishia.

"Na lile jicho la pili?" dada akauliza kwa sauti ndogo.

"Mwambie daktari aweke siku," akajibu, bila kuniondolea macho. "Wewe endelea."

Nikaanza kushona.

"Wa kwanza Mabega," kinyozi akasema, "wa pili Kidevu, wa tatu Unyoya. Huyu wa nne tunamwitaje?"

"Bado hajaonyesha kitu," shemeji akasema. "Na aliniambia analia."

"Nilikwambia," nikakubali.

"Tunasubiri."

Sindano iliingia upande mmoja wa pazia, ikatokea ndani ya kidole changu, na machozi yakanitoka.

"Hapo sawa," akasema, akavuta kiti karibu zaidi ili aone vizuri. Aliinama juu ya kile nilichokishona, akakifuatisha kwa ukucha mpaka mwisho.

"Fumua. Anza upya."