Tenti Nusu kwa Nusu

Mimi Apondi nikikasirika sina breki, na hilo mtaa mzima wa Langas unajua. Ni mimi niliyesema chama chetu cha kusaidiana kigawanywe. Tulikuwa watu mia moja na arobaini, na kukubaliana ilikuwa kazi! Sisi Wasabato, Jumamosi hatukutani. Wenzetu akina Macharia, Jumapili ndiyo yao ya kanisa. Kwa sherehe wao wanataka mukimo, viazi vya kupondwa na mahindi, sisi tunataka samaki. Siku moja nikasimama, nikamtukana Macharia, nikapaza sauti, "Basi! Kila mtu na nchi yake!"

Mwalimu Kinuthia, aliyefundisha uchumi miaka thelathini, alijaribu kutupoza. "Nchi kubwa ina maneno mengi," akasema, "lakini barabara inajengwa na wengi. Nchi ndogo husikizana haraka, halafu kila kitu inajinunulia peke yake."

"Mwalimu, hapa si darasani," nikamjibu.

Tukagawana viti, tukagawana sufuria. Tenti ikatushinda, maana hakuna upande ungekubali mwingine aichukue nzima. Basi wao wakabeba turubai, sisi tukabeba vyuma vya kuisimamisha, tukasema haki imetendeka. Na kwa wiki tatu chama chetu kidogo kilikuwa raha tupu! Mkutano dakika ishirini, samaki mezani, nyumbani.

Halafu ikafika Jumapili ya wakwe wa binti yangu Lorraine kuja kujitambulisha. Watu sitini kutoka Kaptagat, saa saba. Mimi nilikuwa nimejiambia jua litawaka. Saa nne wingu jeusi likajikusanya, na uani nina vyuma vitupu. Tenti za kukodi zote mtaani zilikuwa zimechukuliwa. Mtoto wangu aanze maisha na wakwe walionyeshewa na mvua kwetu?

Nikajishusha, ingawa iliniuma kweli. Nikaenda na aproni yangu hadi kanisani kwa akina Macharia, katikati ya matangazo, na mzee wa kanisa aliyesimama mbele ni Macharia mwenyewe. Watu wote wakageuka.

"Macharia, nilikutukana, najua. Naomba turubai."

Akarudi kwa maikrofoni. "Tangazo la mwisho. Lorraine anachumbiwa leo na mvua inakuja. Kwaya, bebeni turubai. Pasta, tuombee kwa ufupi."

Walikuja wote, na majoho yao. Tukifunga kamba, tone la kwanza likanipiga puani. "Nisamehe," nikamwambia Macharia.

"Shika kamba kwanza, Mama Lorraine," akasema, na tukacheka mpaka fundo likafunguka. Tulipolifunga tena akaongeza, "Mikutano kila mtu na siku yake. Lakini hii tenti isigawanywe tena." Nikakubali papo hapo, mimi!

Wakwe walifika wakakaa pakavu. Mvua ilinyesha kweli kweli, na chini ya turubai kwaya inaimba, mukimo upande huu, samaki upande ule. Mzee Kipyego, baba wa kijana, akainama akaniuliza, "Mama, watu wote hawa ni akina nani?"

Ningeweza kumweleza habari ya siku za ibada na mgawanyo wa chama. "Ni watu wangu," nikasema, nikalia mbele ya wakwe bila aibu yoyote.