Gunia la Chini ya Kitanda

Tangu mumewe Muiruri azikwe mwezi wa nane, Wariara hakuwa amewasha hata kipande kimoja cha makaa aliyoyaacha. Gunia lake la mwisho lilikaa chini ya kitanda, nyumbani kwake Bondeni, naye akapikia makaa ya kununua kama mgeni kwake.

Muiruri na rafiki yake Sitati walikuwa wakiokota vumbi kwa wauza makaa, wanalikanda kwa uji na udongo, wanafinyanga madonge. Waligombania udongo miaka yote. Muiruri alisema ndio unaotuliza moto ukadumu. Sitati alisema udongo hauungui, watumie molasi. Sasa shule moja ilitaka makaa yao jikoni, mradi yatoe joto la megajuli kumi na nane kwa kilo. Wariara na Sitati wakakubaliana: dawa ya Muiruri, ule mchanganyiko wa udongo, ipimwe kwanza. Ikianguka, inazikwa naye.

Ndiyo sababu Aprili hii, mvua ikinyesha, Wariara alikuwa ameketi na Sitati maabara mjini, madonge matano mapajani.

Chepchumba, msichana wa maabara, alisaga donge moja, akapima gramu moja tu, akaifungia kwenye chungu cha chuma kilichojazwa oksijeni. Akakizamisha kwenye maji, akabonyeza kitufe. Hakukuwa na moshi wala harufu.

"Moto uko wapi?" Wariara aliuliza.

"Umeshawaka, mathe. Uko ndani. Sisi tunaangalia maji yamepata joto kiasi gani."

Maji yalipanda nyuzi moja na nusu, yakasimama hapo.

"Kumi na tano," Chepchumba alisema.

Wariara alimtazama Sitati akitegemea acheke. Sitati aliinamia viatu vyake tu, na hilo likamchosha zaidi.

"Pole, shemeji," alisema.

Chepchumba alikuwa akivunja donge jingine kwa vidole. Halikulia kama donge kavu. Lilikatika kama mkate wa jana.

"Hii ilikuwa imewekwa wapi?"

"Chini ya kitanda."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa nane."

"Ndio maana. Imekunywa unyevu. Gramu niliyochoma, karibu robo yake ni maji, na maji hayaungui. Wacha niikaushe."

Wariara alikumbuka sakafu ile inavyotoka jasho kila mvua ikinyesha, na usiku aliokuwa akinyoosha mkono kuligusa gunia kabla ya kulala. Kumbe alikuwa akililea lioze.

Madonge yalikaa kwenye oveni hadi alasiri. Sitati alileta chai na mandazi. Ya Wariara ikapoa. Chungu kilipozamishwa tena, maji yalipanda karibu nyuzi mbili.

"Kumi na tisa."

Sitati alipumua. "Na huko aliko ananicheka, huyo mzee."

"Anakucheka sana," Wariara alisema. Alitaka kufurahi, lakini mwili ulikuwa umechoka mno.

Mvua ilikatika alipofika nyumbani. Alilivuta gunia, akalikokota uani, akatandika karatasi ya nailoni na kuyaanika madonge moja moja. Mengine bado yalikuwa na alama za vidole vya Muiruri. Siku ya tatu yalipoanza kulia yakigongana, aliweka manne kwenye jiko, akayawasha, akateleka maji ya chai.