Korosho za Bi Sauda

Fomu iliuliza: udhaifu wako kazini ni upi? Nikaandika kwamba najituma kupita kiasi, nikaenda zangu kula.

Kesho yake Clemence aliirudisha. Huyu ni afisa aliyetoka Lindi kuja kutufundisha watu wa ghala la korosho namna ya kuongea na wakulima. "Jenipher, humu ghalani mko kumi na wanne, na wote mnajituma kupita kiasi. Mbona watu wanawakimbia?"

Wenzangu wakacheka. Mimi sikucheka wala sikukasirika. Nina ganzi, siku hizi hakuna kinachonifika.

"Andika kosa la kweli," akasema, "na uliyemkosea aweke dole gumba. Mwisho Ijumaa saa kumi. Bila hivyo jina lako haliendi."

Jina langu lilikuwa liende Lindi, kwenye nafasi ya usimamizi wa ghala. Miaka sita nipo hapa Mtama napima ubora wa korosho, na mwanangu Monika analelewa na bibi yake kule Rasbura, Lindi mjini. Ananiita dada. Niliitaka nafasi ile, jamani. Kama kuna kitu bado nilikitaka, ni hicho.

Na kosa nililijua.

Novemba, Fauzia aliniletea magunia mawili ya wifi yake, Bi Sauda. Nikapasua korosho chache, nikakuta nyingine zina unyevu. Nilikuwa na sheria yangu, niliyoitunga mwenyewe: mwenye mali aje achambue mbele ya macho yangu. Wanaotumwa hupekua juu juu wakarudisha vilevile.

Fauzia akasogea, akasema chini chini, "Dada, mwenyewe hawezi kutoka."

"Wote hawawezi. Aje."

Sikuuliza kwa nini. Miaka mitano magunia yale yaliletwa na mumewe, Mzee Bakary, na kila mara aliniulizia hali ya Monika. Msimu ule hakuja, na sikuuliza vilevile.

Kesho yake Bi Sauda akaja. Alikuwa kwenye eda ya mumewe, wiki ya tano. Uwanja wa ghala ulikuwa umejaa wakulima. Wanawake wakavua khanga zao za juu, wakazishika kumzunguka ili wanaume wasimwone, naye akakaa chini akachambua magunia mawili, saa mbili nzima. Nilijua nimefanya jambo baya. Nikaenda kwenye mizani, nikaita, "Anayefuata!"

Basi Ijumaa hiyo, mwisho wa Februari, nikaenda kwake na bahasha yenye ile fomu, na kidau cha wino. Nilishahesabu, eda imeisha. Nikapiga hodi.

"Karibu, ingia tu," sauti ikatoka chumbani. "Mimi sitoki."

Nikamkuta amekaa mkekani.

"Shikamoo, Bi Sauda."

"Marahaba, mwanangu."

"Nilidhani umeshamaliza."

"Ningekuwa nimemaliza. Ila siku ile niliyokuja kwako, wakwe zangu walisema nimeivunja. Shekhe akawaambia haikuvunjika, hawakutaka kusikia. Nikaanza kuhesabu upya. Zimebaki siku thelathini na kitu."

Hakusema kwa hasira. Angenitukana ningejua la kufanya.

"Na hiyo bahasha?"

Nikamweleza yote, mpaka Rasbura, mpaka Monika. Nilisema kama ninayesoma orodha ya magunia. Nikamwambia nimemkosea, anisamehe.

"Mzee alikuwa akimtaja huyo mtoto," akasema, akanyoosha dole gumba. "Lete niweke. Angalau mmoja wetu atoke."

Kidau kilikuwa mkononi, kimefunguka, na karatasi nimeshaitandaza mkekani. Nilikitazama kile kidole, nikashindwa. Nikafunga kidau, nikairudisha karatasi kwenye bahasha.

"Jumapili nitakuja baada ya misa," nikasema. "Na zinazofuata, mpaka utoke."

"Njoo. Ila usije na mizani," akasema, na akacheka kidogo.

Simu ikaita. Alikuwa Clemence, na ilikuwa saa kumi kasorobo. Nikaizima. Monika ataniita dada mwaka mwingine mzima.

Hapo ndipo nikaanza kulia, na Bi Sauda akavuta ukingo wa khanga yake akanifunika uso.