Jina Ambalo Sikuweza Kulisoma

Uvumi wenyewe niliuokota sokoni Khayega, kwa mama mmoja muuza nyanya. Alisema kuna mwanamke wa Navakholo aliyeandika hadithi ya wokovu, akaituma Nairobi kwa posta, akangoja mwaka mzima bila jibu. Siku moja akiwa anasonga obusuma, ugali wetu, akaisikia redioni, neno kwa neno, na jina la mwandishi ni la mtu mwingine. Mwiko ukamwanguka.

"Huyo mama anaitwa nani?" nikauliza.

"Mimi nitajua? Nimeambiwa tu. Nyanya unachukua ama unazishikashika?"

Nyanya nilichukua, na uvumi nikaubeba pamoja nazo. Ulinifuata shambani, ukanifuata kanisani, nikifumba macho kuomba uko pale. Kwa sababu mimi pia nilikuwa na hadithi. Daftari nne, nimezifunga kwa kamba ya katani, nimezificha ghalani chini ya mahindi, na hakuna mtu aliyejua. Hata Wanzala mume wangu hakujua.

Wewe mama mwenzangu unayesoma haya, pengine nawe una daftari lako mahali. Basi nisikilize, maana nakuandikia wewe, na namwandikia binti yangu Khalayi, ambaye siku hizi namwona akifunika karatasi kwa mkono nikipita.

Shule niliachia darasa la saba. Sikuwahi kufikiri kitabu ni kitu ambacho mtu wa kwetu anaweza kukitoa. Lakini Jumatatu ya Pasaka, mwaka wa tisini na nne, baba mkwe wangu aliingia kanisani wakati wa ushuhuda. Wote tulishtuka. Mzee huyu alikuwa mnywaji wa busaa ambaye hata wanywaji wenzake walimhurumia. Wazee wakikaa kuzunguka chungu, kila mmoja ana mrija wake mrefu, na wa kwake ndio uliokuwa mrefu kuliko yote, umezidi urefu wa mtu. Siku hiyo alikuja nao mkononi. Akapita katikati ya mabenchi bila kusalimia, akafika mbele, akauvunja gotini mara tatu, vipande akavilaza juu ya meza ya sadaka.

"Nimechoka kunyonya," akasema. Akaenda kukaa.

Watu walicheka mpaka mchungaji akacheka. Mimi sikucheka. Moyo ulinidunda kama mtu aliyeitwa jina lake na sauti asiyoijua. Nilirudi nyumbani mbio, kitambaa cha akina mama bado kichwani, nikang'oa kurasa za katikati za daftari la hesabu la Khalayi, nikaanza.

Kuanzia hapo niliandika kila nilipopata nafasi ya kukaa. Miwa ikishakatwa lazima mtu aichunge mpaka trekta ije, na trekta huweza kuchelewa siku tatu. Wanawake wengine walikuja na ufumi wao. Mimi nilikuja na daftari ndani ya kikapu, juu yake nimeweka viazi. Alhamisi kwenye ushuhuda nilisikiliza kwa masikio mapya: huyu kaponywa mguu, yule kamsamehe mke mwenzake, na kila neno nilitamani kulikimbiza nyumbani kabla halijapoa.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya mzee mlevi na mke wa mwanawe anayemwombea. Nikaiita Mrija wa Mwisho. Lakini mzee wangu alinisumbua. Nilimwita Barasa, akakataa kutembea. Nikamwita Simiyu, akakaa tu kama gunia. Siku niliyoandika jina la kweli la baba mkwe wangu, mzee akainuka, akakohoa, akaanza kutukana mbuzi. Akawa hai!

Hapo ndipo nilipoteleza. Kwetu mwanamke hampi baba mkwe mkono, hakalii kiti chake, na jina lake halipitishi mdomoni hata nyumba ikiungua. Miaka kumi na sita ya ndoa sikuwa nimelitaja hata mara moja. Na hapa pia silitaji. Lakini wakati ule nilijiambia kalamu haina mdomo. Nikaliandika, nikaliandika, nikazoea. Halafu kwenye sura ya mwisho nikamzika. Alikufa vizuri, ameokoka, na mazishi yake niliyalilia mwenyewe palepale kwenye miwa. Wala haikunijia akilini kwamba mwenye jina yuko ng'ambo ya ua, anachonga mpini wa jembe.

Mtu mwingine yeyote wa kwetu angeliona kosa hilo akiwa bado ukurasa wa kwanza. Zipporah, mwenyekiti wa akina mama kanisani, angenishika mkono papo hapo. Lakini nani ningemwonyesha, na uvumi wa Khayega umenikaa rohoni? Nilimwogopa kila mtu mwenye macho. Nikanakili hadithi yote kwa mkono mara ya pili, nakala moja nikairudisha ghalani, nyingine nikaipeleka posta ya Kakamega kwa rejista, nikaituma kwa shirika moja la vitabu vya Kikristo huko Nairobi. Nikatumia sanduku la posta la kanisa. Yule karani alipopiga muhuri nilihisi amenigonga mimi.

Miezi mitano. Kisha Jumapili moja mchungaji akanipa bahasha ya kahawia. Niliisomea nyuma ya choo cha kanisa, maana sikuweza kungoja kufika nyumbani. Wameipenda! Walisema wana desturi yao: kabla ya kuchapisha kitabu, mhariri huja kumsikiliza mwandishi akisoma mbele ya washirika wa kanisa lake. Watu wakikipokea, kitachapishwa. Wasipokipokea, daftari zitarudishwa na mambo yameishia hapo. Bwana Kimutai atakuja Jumamosi ya pili ya Agosti. Nijiandae kusoma sura ya tatu.

Nilipiga kigelegele peke yangu nyuma ya choo. Nikarudi nyumbani na barua kifuani.

"Kitabu?" Wanzala akasema. "Wewe? Cha mapishi?"

"Cha hadithi."

"Na mimi nimo?"

"Haumo."

"Miaka kumi na sita tunalala nyumba moja na simo!" Lakini alikuwa anacheka, na kabla chai haijapoa alikuwa ameshatoka kumwambia baba yake. Baba yake akawaambia wote. Jioni nilimsikia mzee ng'ambo ya ua akimwambia jirani kwamba mke wa mwanawe atasomwa mpaka Mombasa, na kwamba yeye atakaa benchi la mbele, atazame mdomo wa mhariri.

Benchi la mbele. Nikaenda ghalani, nikatoa nakala yangu, nikafungua sura ya tatu nijifunze kuisoma kwa sauti. Mstari wa kwanza kabisa ulianza na jina lake.

Mdomo ukafunguka, jina likakataa kutoka. Nikajaribu tena. Nilihisi kama mtu anayetaka kuvua nguo sokoni. Nikahesabu: sura ile moja ilikuwa nalo mara arobaini na moja. Ndipo nilipokumbuka sura ya mwisho, na kaburi, nikakaa juu ya mahindi.

Nimwambie nani, na tumebakiza siku sita? Nikajipa moyo. Penye jina nitasema "mzee". Nani atajua? Na mazishi hayako sura ya tatu. Nisome, wapige makofi, mhariri aende zake, kisha nimwandikie barua polepole abadilishe.

Jumamosi kanisa lilijaa hata madirishani. Bwana Kimutai alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani, mtu wa Bonde la Ufa, mpole, ameweka nakala yangu magotini na kidole juu ya mstari. Baba mkwe alikuwa mbele kama alivyoapa, koti ameazima, kofia gotini.

"Bwana asifiwe," nikasema.

"Amen!"

Nikaanza. "Mzee aliamka na kiu..."

Kidole cha Bwana Kimutai kikasimama. Nikaendelea. "Mzee akamtafuta mbuzi..."

"Samahani, mama," akasema kwa upole. "Unaruka neno. Soma tu kama ulivyoandika, ndivyo ninavyotaka kusikia."

Nikasimama pale. Mtoto mmoja akaanza kulia. Nikamwangalia Wanzala, naye akaangalia dari. Nikaona kitabu changu kinarudi kwenye bahasha ya kahawia.

Zipporah akainuka, akaja mpaka mimbarini, akachungulia daftari juu ya bega langu. Akaziba mdomo. Kisha akashindwa kuuziba.

"Jamani! Hawezi kusoma! Ni jina la mkwe wake!"

Kanisa likapasuka. Wanaume walipiga mabenchi. Bwana Kimutai aliuliza kuna nini, na watu kumi wakamweleza kwa pamoja.

"Sasa tutafanyaje?" akauliza, ameshika miwani.

"Kwani sisi ni wakwe zake?" Zipporah akasema. "Soma, Mama Khalayi! Ukifika hapo inua mkono, tutakusemea!"

Nikasoma. Nikifika penye jina nainua mkono, na kanisa zima linalitaja kwa sauti moja! Isipokuwa wake wa shemeji zangu watatu, ambao walifunga midomo kabisa na kuangalia sakafu. Mara ya tano watu walikuwa wanaegemea mbele wakingoja mkono wangu. Mara ya kumi wakaanza kutangulia. Mzee kwenye hadithi akianguka mtaroni, mama mmoja analia kwa kucheka. Mzee akipiga magoti, mtu nyuma anasema "Haleluya" kwa sauti iliyokatika. Na baba mkwe wangu mwenyewe, mwanzoni aliduwaa, baadaye kila akisikia jina lake akawa anainua kofia kama mheshimiwa. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile. Nilikuwa nasoma na ardhi siihisi.

Nilipofunga daftari vigelegele havikukatika. Bwana Kimutai akasimama, macho yanang'aa.

"Ndugu zangu, nimetosheka!" akasema. "Na bado hamjasikia mwisho. Mazishi ya huyu mzee, mimi nililia ofisini!"

Vigelegele vikakatwa kama kwa panga.

"Mazishi ya nani?" baba mkwe akauliza.

Bwana Kimutai, asiyejua, akataja jina.

"Ndiye mimi," mzee akasema.

Bwana Kimutai akakaa chini taratibu. Mzee akainuka. Hakuniangalia, kwa sababu hatuangaliani hivyo. Alimgeukia mwanawe.

"Wanzala. Muulize mke wako niliugua nini."

Wanzala akanigeukia. "Mama Khalayi, baba anauliza aliugua nini."

"Uzee," nikasema.

"Anasema uzee, baba."

"Nilikuwa bado nimeokoka?"

"Alikuwa ameokoka," nikasema, "na aliimba mpaka dakika ya mwisho."

"Anasema..."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Muulize walichinja ng'ombe wangapi."

"Wawili."

"Wawili tu!" mzee akasema. Mtu akacheka, akaacha.

Mzee akaigeuzageuza kofia mkononi. Nilijua akisema hapana, ni hapana. Hakuna kitabu kinachonifaa nikiishi ng'ambo ya ua na mtu niliyemzika akiwa mzima.

"Jina langu linangoja mjukuu," akasema mwishoni. "Nikishakwenda ndipo litaitwa. Likipita kaburini kabla yangu, huyo mtoto mtamwitaje? Kwa hiyo jina litoke. Lote." Akaivaa kofia. "Lakini pombe iacheni humo kitabuni. Hiyo niliinywa, na hawa wote waliniona. Kama itamtoa mtu mmoja mtaroni, iende Nairobi, iende popote."

"Amen!" Zipporah akapiga kelele, na kanisa likajibu mpaka mabati yakatetemeka.

Bwana Kimutai alinipa wiki mbili nibadilishe jina. Nilikaa mezani mchana kweupe, mlango wazi, Zipporah upande huu na Wanzala upande ule, kila mmoja ana daftari lake na kalamu nyekundu. Tulimwita mzee Makhanu, jina ambalo halimo ukoo wetu. Niliogopa atakaa tena kama gunia. Hapana. Alikuwa ameshajifunza kutembea, akaendelea.

Mwaka wa tisini na saba, mwezi wa Machi, vitabu vilifika. Nilikishika cha kwanza nikakinusa. Baba mkwe alimtaka Khalayi amsomee chote kwa sauti, siku nne, na mazishi akaamuru yarudiwe. Aliniletea ujumbe kwa Wanzala kwamba sasa niandike cha pili, na aulizwe mapema.

Sasa Khalayi wangu anaandika, na mimi moyo unanirukaruka kwa furaha na kwa hofu. Yangu yalikwenda vizuri kwa sababu mzee alikuwa na moyo mkubwa. Si kila ua lina mzee kama huyo. Basi haya ndiyo ya kuepuka:

Usiamini uvumi ambao mwenye kuuleta hajui jina la mtu.

Usiifiche kazi kwa watu wa nyumbani. Mmoja wao ataona usichoona.

Usitumie jina la mtu aliye hai, hata kama hadithi inalilia.

Usimzike.

Usichukue ushuhuda wa mtu kanisani bila kumuuliza kwanza.

Usitume nakala ya pekee.

Usiliondoe jambo la kweli kwa kuona aibu. Muulize mwenyewe, huenda akalikubali.

Usisome mbele za watu ukurasa ambao hujausoma kwa sauti jikoni kwako.